Sakafu Tunayosujudu Juu Yake

Katika nyumba ya Mwislamu hapana mahali panapogusana na mwili wa mtu kuliko sakafu. Wako watu ambao maisha yao ni juu ya viti na meza, huingia ndani na viatu vyao, na sakafu kwao ni njia ya kupita tu. Sisi twavua viatu mlangoni. Twatandika mkeka au busati, twakaa chini, twala katika sinia moja, na watoto wetu hujifunza alifu na be wakiwa wamekunja miguu chini. Juu ya hayo yote iko Sala. Mwenye kusali fardhi zake tano husujudu mara 34 kwa siku, na kila mara paji la uso na pua hufika chini. Na mtoto mchanga anayetambaa ndiye mwenyeji mkubwa zaidi wa sakafu, kwani huipapasa kwa viganja viwili, kisha viganja vile vile vikaingia kinywani.

Maadam mambo yako hivyo, kile tunachokipaka au kukichanganya katika sakafu zetu si jambo la uzuri peke yake. Ni jambo la afya, na kwa hiyo ni jambo la amana. Mwezi huu tumependa kuzungumza na wasomaji wetu juu yake, kwa sababu siku hizi maneno mengi mapya yanasemwa na wajenzi na wafanya biashara, na si kila neno lina ukweli ndani yake.

Wajenzi wa zama hizi wanasifu kile wanachokiita majengo ya kijani, yaani majengo yanayokusudiwa kutumia umeme na maji kidogo, na kutochafua hewa ya ndani wala ya nje. Huko Marekani, Baraza la Majengo ya Kijani lilianzisha mwaka 1998 utaratibu wa kuyapima majengo namna hiyo, nao unaitwa LEED. Miongoni mwa mambo yanayopimwa ni rangi na dawa zinazopakwa ndani ya nyumba. Na katika majengo mengi ya aina hiyo imekuwa desturi kuacha sakafu ya zege iwe ndiyo sakafu ya mwisho, ikatiwa rangi na kusuguliwa mpaka ing'are, pasiwekwe juu yake vigae wala zulia. Hoja yao ni kwamba kitu kisichowekwa hakikuchimbwa, hakikuchomwa katika tanuri, wala hakikusafirishwa.

Msomaji wa pwani yetu akisikia haya hana budi kutabasamu. Sakafu nyekundu ya saruji, iliyolainishwa kwa mwiko na kung'arishwa kwa nta, ndiyo waliyoizoea baba zetu na mama zetu. Na kabla ya saruji, wazee wao walisakafia kwa chokaa. Basi kumbe kilichoonekana kwetu kuwa ni umaskini wa kukosa vigae, leo kinatafutwa na matajiri wa miji mikubwa! Walakini tusifurahi upesi. Sakafu ya kale haikuwa njema kwa sababu ni ya kale, wala ya leo haiwi njema kwa sababu imeitwa ya kijani. Yatupasa kutazama ndani ya kopo.

Ndani ya kopo la rangi aghalabu mna vitu vitatu. Cha kwanza ni unga wa rangi wenyewe, ambao ndio unaoleta wekundu au umanjano. Cha pili ni utomvu unaoushika unga ule na kuugandisha sakafuni. Cha tatu ni kioevu kinachoulainisha utomvu ili upakike, nacho huwa ni maji au huwa ni kiyeyusho kikali cha jamii ya tapentaini. Madhara ya rangi aghalabu hutoka katika unga au katika kiyeyusho. Tutazame kimoja kimoja.

Katika unga, adui mkubwa ni risasi. Kwa karne nyingi watu walitengeneza rangi nyeupe kwa risasi, na wakatengeneza rangi za manjano na nyekundu zenye kung'ara kwa risasi iliyounganishwa na kromu. Rangi hizo hufunika vizuri na hudumu, na ndiyo maana wenye viwanda walizipenda. Lakini madhara yake yamejulikana zamani. Mwaka 1921 mkutano wa Shirika la Kazi la Dunia uliokutana Geneva ulipitisha mapatano ya kuzuia matumizi ya risasi nyeupe katika upakaji rangi wa ndani ya majengo, kwa kuwahurumia wapaka rangi. Marekani haikupiga marufuku rangi ya risasi majumbani mpaka mwaka 1978, na mwaka 2009 ikakaza zaidi, ikaamuru isizidi sehemu 90 katika sehemu milioni moja. Kenya na Tanzania nazo zimeweka kiwango hicho hicho cha 90.

Kwa nini ukali wote huo? Kwa sababu Shirika la Afya la Dunia linasema kwamba hapana kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa ni salama. Mwili wa mtoto mdogo huivuta risasi kuliko mwili wa mtu mzima, nayo huenda kuharibu ubongo unaokua. Mtoto hapati homa wala vidonda; hupungukiwa tu na wepesi wa kufahamu na utulivu wa nafsi. Mzazi humwona mtoto wake hashiki somo, mwalimu akamwita mvivu, na kumbe ugonjwa umetoka katika vumbi la rangi iliyochakaa, lililotua sakafuni na kunasa katika viganja vidogo. Na akili iliyoharibika kwa njia hiyo hairudishwi kwa fimbo wala kwa dawa.

Ama kiyeyusho, hicho huruka hewani wakati rangi inapokauka. Ile harufu kali inayotuumiza kichwa ndiyo hiyo. Baadhi ya mvuke huo huendelea kutoka kidogo kidogo kwa siku nyingi, na ukifika nje chini ya jua husaidia kuzaa ule ukungu mchafu wa mijini. Nchi zimetofautiana katika kuuzuia. Katika eneo la Los Angeles na jirani zake, sheria hairuhusu rangi ya sakafu kuwa na zaidi ya gramu 50 za viyeyusho hivyo katika lita moja. Katika Umoja wa Ulaya, kwa sheria iliyokazwa mwaka 2010, rangi za sakafu za makopo mawili yanayochanganywa pamoja zaruhusiwa kufika gramu 140 zikiwa za maji, na gramu 500 zikiwa za viyeyusho. Msomaji atazame: rangi inayouzwa kwa halali mahali pamoja yaweza kuwa na mvuke mara kumi ya ile inayokubaliwa mahali pengine. Basi neno "imeruhusiwa" halitoshi kumtuliza mwenye nyumba.

Na tusimsahau fundi. Sisi twanusa siku tatu tukafungua madirisha. Yeye hunusa mwaka mzima. Mpaka rangi na mwashi ni ndugu zetu, na afya zao si sehemu ya ujira tunaowalipa. Hata anayesugua zege kavu kwa mashine apate kuling'arisha hutimua vumbi la mchanga laini liingialo mapafuni na kuyaharibu kabisa. Zege na lisuguliwe likiwa limelowa maji, na fundi afunikwe pua na kinywa kwa kifaa kinachofaa.

Iko njia nyingine, nayo ndiyo hasa asili ya sakafu nyekundu: kutia rangi ndani ya saruji yenyewe, badala ya kuipaka juu. Hapa unga unaofaa ni kutu ya chuma. Saruji mbichi ina ukali mwingi wa chokaa, na rangi nyingi huharibika ndani yake, lakini kutu ya chuma huvumilia. Kutu ya namna moja huleta wekundu, ya pili umanjano, ya tatu weusi. Na ile ya manjano ikichomwa motoni hutoa maji yaliyomo ndani yake ikawa nyekundu. Kanuni ni kwamba unga usizidi sehemu 10 katika 100 ya uzito wa saruji, na aghalabu sehemu 5 zatosha, yaani kilo mbili na nusu kwa mfuko wa kilo 50. Ukizidisha, unga utadai maji mengi na sakafu itakuwa dhaifu. Rangi hii haibanduki kama ganda, kwa kuwa haina ganda. Ikilika juu, chini yake iko ile ile. Na mtu akitaka kuifanya sakafu iwe ngumu zaidi, ziko dawa za silika zinazoyeyushwa katika maji, ambazo huingia katika vitundu vya zege, zikaungana na chokaa iliyomo na kuviziba, pasipo mvuke wa kuumiza kichwa.

Unga huo wa kutu hutoka wapi? Mwingine huchimbwa ardhini, na mwingi hutengenezwa viwandani kwa chuma. Lakini upo unaotoka mahali ambapo mtu hakupatazamia, na habari yake imetuvutia sana, hata ikawa ndiyo sababu ya kuandika maneno haya.

Katika majimbo ya Pennsylvania na Ohio, huko Marekani, watu walichimba makaa ya mawe kwa zaidi ya karne moja. Makampuni yalipomaliza faida yao yaliondoka, na mashimo yakabaki. Maji yakaingia katika mashimo yale yakakutana na mawe yenye chuma na salfa, na hewa ikasaidia, mpaka yakawa maji ya tindikali yenye chuma kilichoyeyuka. Maji hayo yatokapo ardhini huweza kuonekana safi kama ya chemchemi. Yakipigwa na hewa, chuma kilichomo hupata kutu, na mto mzima hugeuka rangi ya machungwa. Tope la kutu hufunika mawe ya chini, wadudu wa majini wakakosa makao, na samaki wakatoweka. Katika Pennsylvania peke yake, maelfu ya maili za mito na vijito yameharibika kwa sababu ya migodi iliyoachwa.

Mtaalamu mmoja wa huko, Robert Hedin, aliitazama kutu ile akaona kuwa ni mali. Katika mahali paitwapo Lowber yalijengwa mabwawa mwaka 2006. Maji ya mgodi hupitishwa polepole kutoka bwawa hadi bwawa, kutu ikazama chini, na maji yaliyosafika yakaendelea mtoni. Tope lile likizoa, likakaushwa na kusafishwa, huwa ni unga wa rangi. Huko Ohio, mhandisi Guy Riefler na mchoraji John Sabraw, wote wawili wa Chuo Kikuu cha Ohio, walishika njia inayofanana na hiyo. Wao walikitazama kijito kiitwacho Sunday Creek, ambamo mgodi mmoja tu uliofurika ulikuwa ukimwaga zaidi ya tani mbili za kutu kila siku. Wakaonyesha kwamba kutu hiyo yaweza kuwa rangi nzuri ya wachoraji, na kwamba bei ya rangi yaweza kulipa gharama ya kuusafisha mto.

Tulipoisoma habari hii tulikumbuka kisa kilichopokewa katika vitabu vya Hadithi. Mtume wetu (s.a.w.) alipita akaona mbuzi au kondoo aliyekufa, ambaye alikuwa amepewa kwa sadaka mjakazi aliyeachwa huru na jamaa za Bibi Maimuna (r.a.). Akauliza kwa nini hawakuichukua ngozi yake wakanufaika nayo. Wakajibu kuwa ni mzoga. Naye akawafahamisha kwamba kilichoharimishwa ni kumla. Katika kisa hicho wanavyuoni wetu wamepata hukumu ya kutwaharisha ngozi kwa kuidabaghi. Nasi, pasipo kudai fatwa yoyote, twapata adabu: kwamba Mwislamu hakitupi kitu kwa sababu kimechafuka tu, bali hutazama kama iko njia ya kukisafisha na kukinufaisha. Watu waliurithi mto uliokufa, hawakukaa kuwalaani walioufisha, bali walitoa ndani ya uchafu wake kitu cha kupambia nyumba, na mto nao ukapata kupumua.

Walakini hapa ndipo panapohitaji hadhari. Pakiwa na jambo jema, wako wanaojifunika nguo yake. Sote twajua habari ya Mtume (s.a.w.) alipotia mkono wake katika chungu ya nafaka sokoni, akakuta imelowa ndani ingawa juu ilikuwa kavu, akamkemea muuzaji na kuwakana wenye kughushi. Kopo lenye picha ya jani la kijani juu yake, na risasi ndani yake, ni chungu ile ile ya nafaka. Kadhalika dawa zinazosemekana kula moshi na uchafu wa hewa. Kweli ipo rangi nyeupe ya madini ya titani ambayo ikipigwa na miale mikali ya jua huvunja baadhi ya gesi chafu. Saruji yenye madini hayo ilitumika katika kanisa moja la Roma lililofunguliwa mwaka 2003. Lakini kazi hiyo yataka jua. Muuzaji akikuambia kuwa itasafisha hewa ya chumba chako ikiwa imepakwa sakafuni, chini ya mkeka, na dirisha lina pazia, basi muulize jua litapita wapi.

Na liko jambo kubwa kuliko rangi zote. Saruji yenyewe hutengenezwa kwa kuchoma chokaa na udongo katika moto wa kiasi cha nyuzi 1,450, na viwanda vyake hutoa kiasi cha sehemu 8 katika 100 za hewa ya ukaa inayotokana na kazi za wanadamu duniani. Hapana unga wala dawa ya juu itakayoifuta hesabu hiyo. Kinachoipunguza ni kujenga kwa kadiri ya haja, kutobomoa sakafu nzima kwa sababu jirani ameweka mpya, na kuitunza iliyopo idumu. Israfu ni israfu, hata ikipakwa rangi ya kijani.

Tutaje lililotokea katika mtaa wetu, maana mfano wa karibu hufahamisha zaidi. Ilipotengenezwa sakafu ya madrasa, wengine katika kamati walitaka ipakwe rangi ya kung'ara kama kioo, nao nia yao ilikuwa kuwatukuza watoto wa Qur'ani. Kijana mmoja anayesomea ujenzi akasema kwa adabu, "Maalim, tuwieni radhi. Kopo hili halina maandishi ya risasi wala ya kiyeyusho. Tukamwulize mwenye duka." Tulikwenda naye. Mwenye duka alituambia kuwa rangi ni nzuri na watu wote wanainunua. Kiasi cha risasi hakujua, na karatasi ya kiwanda hakuwa nayo. Maalim akasema, "Sisi hatununui kwa ajili ya watu wote. Twanunua kwa ajili ya watoto themanini wanaokaa chini."

Basi ikatiwa rangi nyekundu ya kutu ndani ya saruji ya juu, ikalainishwa kwa mwiko, ikamwagiwa maji siku saba. Haikutoka sawa kabisa. Upande wa dirishani umekoza kuliko upande wa mlangoni, na katika miezi ya mwanzo chokaa ilijitokeza juu kama unga mweupe, mpaka ikaisha kwa kufutwa. Wako waliosema kwamba ile ya kung'ara ingependeza zaidi, na hatuwezi kuwakanusha. Lakini watoto waliingia siku ile ile iliyokauka, wakakaa, wakasoma, na hapana aliyeshika kichwa.

Kwa hiyo twawausia wenye nyumba mambo machache. Kabla ya kununua rangi, ulizeni kiasi cha risasi na kiasi cha kiyeyusho. Muuzaji asiyeweza kuonyesha, tafuteni mwingine. Palipo na rangi ya zamani inayobanduka, msiikwangue ikiwa kavu, wala msiichome. Ilowesheni, na watoto na mwenye mimba wawe mbali. Sakafu ifutwe kwa kitambaa chenye maji, kwani ufagio mkavu hulirusha vumbi kisha likarudi pale pale. Na mikono ya watoto ioshwe kabla ya kula, kama tulivyofunzwa na wazee wetu.

Nanyi vijana, msiidharau elimu ya kemia mkidhani kuwa ni ya mtihani tu. Nchi zetu nazo zina migodi, nazo zina mito, na siku moja migodi hiyo itaachwa. Ni bora aweko kijana wa Kiislamu ajuaye kinachotoka katika shimo, kabla samaki hawajatoweka, kuliko kuja kulia juu ya mto uliokwisha kufa.

Mwenyezi Mungu ametujaalia ardhi kuwa ni mahali pa kusujudu na chenye kutwaharisha, na hiyo ni heshima waliyopewa umati huu. Twamwomba atuwezeshe kuihifadhi, ile iliyo chini ya nyayo zetu nyumbani, na ile iliyo mbali inakochimbwa rangi na saruji yetu, ili tunapoweka paji la uso chini, tuwe hatujamdhuru mtu yeyote kwa sakafu ile. Amin.